Uso wa mfarishi usioupenda: uufumue, uukate, uutie mikanda au uutie rangi?

Uso wa mfarishi wangu, lile tabaka la juu la viraka, ulikaa kabatini miezi tisa, umekunjwa ndani ya foronya kuukuu. Kila nilipofungua kabati kutafuta shuka niliuona, nikafunga mlango. Ni miraba 42, sita kwa upana na saba kwa urefu, kila mmoja inchi 10. Ukiupima unapata inchi 60 kwa 70, kiasi cha kufunika kitanda cha mtu mmoja. Vitenge nilivikusanya kwa mafundi wa hapa Buruburu, mabaki ya magauni ya harusi na sare za vyama vya akina mama, na ndani yake nikachanganya leso moja ya marehemu nyanya yangu. Nilishona kwa hamu kubwa. Siku nilipounganisha mstari wa mwisho nikautandaza sakafuni, moyo ukaninyong'onyea.

Kama nawe una kitu cha namna hiyo, cha kwanza kukumbuka ni kwamba huu ndio wakati wake. Mfarishi una tabaka tatu: uso wenye viraka, pamba au blanketi la kati, na mgongo. Zikishashonwa pamoja, mishono inapenya tabaka zote na kurekebisha kiraka kimoja huwa ni kubomoa nyumba. Uso ukiwa peke yake bado ni kitambaa tu. Unafumulika, unakatika, unalowekwa. Njia ni nyingi, na nitazilinganisha kwa uzito wa kazi, kwa kitambaa unachopoteza, na kwa ugonjwa ambao kila moja inautibu. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Nilipoteza wiki kadhaa nikiwazia dawa kabla sijajua ninaumwa nini.

Upandishe kwenye kamba

Sakafuni huoni kitu, uko karibu mno na unautazama kwa pembe. Mimi niliupandisha juu ya paa la ploti, nikauanika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, nikarudi nyuma hadi nikaegemea tangi la maji. Jirani aliyekuwa anaanua nguo zake akasimama na beseni kiunoni.

"Dada, hiyo nyekundu inanifuata macho."

Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Miraba saba ilikuwa ya kitenge chekundu chenye maua makubwa ya rangi ya machungwa, na kwa miezi tisa nilikilaumu hicho. Kisha nikapiga picha kwa simu nikaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Fanya jaribio hili kabla hujagusa mkasi. Rangi zikiondoka, kinachobaki ni weupe na weusi wa kila kitambaa, na huo ndio unaoongoza jicho kuliko rangi yenyewe. Kwenye picha yangu nyekundu ilipotea kabisa. Nyekundu, kijani, zambarau na buluu zote zilikuwa kijivu kimoja, miraba 34 isiyo na tofauti. Kilichojitokeza ni miraba minane ya leso, yenye mji mweupe (ile sehemu ya katikati ya leso), imetawanyika huku na kule kama madirisha yaliyoachwa wazi.

Kwa hiyo jiulize: kinachokuudhi ni rangi, ni mpangilio, ni ushonaji, au ni kitambaa chenyewe? Rangi utaijua kwa picha ile. Mpangilio utaujua ukifumba jicho nusu, ukaona jicho halina pa kutua. Ushonaji utaujua kwa nyuma: pembe zisizokutana, mshono ulioyumba, nafasi ya mshono iliyopungua robo inchi mpaka nyuzi zinachomoka. Kitambaa kibaya utakijua kwa kidole, maana pale pana mkunjo usiotoka hata ukipiga pasi. Mara nyingi ni teteroni, kitambaa cha poliesta, iliyojiingiza kati ya pamba. Kata uzi mmoja wa pembeni uuchome kwa kiberiti juu ya sinki: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini, teteroni inayeyuka na kuwa kidonge kigumu.

Kufumua kote, au kukata upya juu ya ulichoshona?

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kufumua kote ni kurudi mwanzo. Unapata kila mraba mzima, ukubwa ule ule, na unaweza kuupanga utakavyo. Gharama yake ni muda. Nilipiga hesabu ya uso wangu: mishono mifupi 35 ya inchi 10 ni inchi 350, na mishono mirefu sita ya inchi 60 ni inchi 360. Jumla inchi 710, karibu mita 18. Cherehani yangu naitega kwenye milimita 2.5 kwa pigo, kwa hiyo ni mapigo zaidi ya 7,000. Usiogope hesabu hiyo, kwa sababu hufumui pigo kwa pigo. Unakata kila pigo la nne upande mmoja kwa ncha ya kifumulio au wembe mpya, kisha unageuza na kuuvuta uzi wa upande wa pili, unatoka mzima kama ukindu. Hata hivyo ni majioni kadhaa ya kuinama, na yataka mwanga mzuri. Stima ikipotea, acha. Nimewahi kutoboa kitenge kwa mwanga wa simu, na tundu la wembe haliponi.

Tahadhari nyingine ni uzi. Ukiwa umeshonea uzi wa poliesta kwenye leso iliyochakaa, uzi una nguvu kuliko kitambaa. Ukivuta kwa pupa, kinachochanika ni leso. Na baada ya kufumua utaona mistari ya matundu ya sindano. Kwenye pamba hufifia ukinyunyiza maji na kupiga pasi, na ukifua mara nyingi huisha.

Kukata upya ni tofauti kabisa. Hufumui hata mshono mmoja. Unautandaza uso mezani, unaweka rula ndefu, na unakata wima katikati ya kila safu ya miraba. Kwa uso kama wangu ni mikato sita, unapata vipande virefu saba vya inchi 70. Halafu unageuza kila kipande cha pili, kichwa kiwe miguuni, na unaviunganisha tena. Kwa mikato hiyo peke yake ile miraba iliyokuwa imekaa jirani inaachana, miraba mikubwa inakuwa nusu, na maua makubwa yanayopiga kelele yanapunguzwa sauti. Ukiingiza mkanda wa kitambaa kitulivu kati ya vipande, jicho linapata pa kupumzika.

Kila mshono mpya una bei yake: unameza robo inchi kila upande. Mikato sita ikiunganishwa moja kwa moja, upana unapungua inchi 3, kutoka 60 hadi 57. Ukiingiza mikanda sita ya inchi 3 (ikate inchi 3 na nusu), hesabu inageuka: 60 toa 3, jumlisha 18, unapata 75. Kitambaa cha mikanda ni mita 2, kwa sababu ukiikata kwa kufuata urefu, mikanda sita inachukua inchi 21 tu za upana. Jioni mbili, na uso ni mwingine.

Nilipopeleka uso wangu kwa fundi mzee mwenye kibanda chini ya ploti yetu, niliamini ataniambia nifumue, kwa vile mafundi wa zamani hawapendi njia za mkato. Aliupindua akatazama nyuma kwanza.

"Mshono wako ni mzuri, mama. Kwa nini unataka kuuharibu?"

"Mzee, haunipendezi."

"Basi kata. Ila usikate kabla hujajua unachotafuta."

Kwa mtu ambaye tatizo lake ni mpangilio, ninakubaliana na mzee: kata. Kufumua na kukata kunaleta uhuru unaokaribiana, lakini kukata kunakuachia nguvu ya kumaliza. Na usione ni uvivu. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama nchini Marekani, wameshona mifarishi kwa vizazi kutokana na suruali za kazi na mashati yaliyochakaa, vipande virefu visivyolingana vikiunganishwa kwa jicho bila ramani. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha zikapelekwa New York. Ukitazama picha zake utaona mistari iliyopinda na pembe zisizokutana, na hutaki kuondoa macho.

Pale ambapo kukata hakufai ni pawili. Kama ugonjwa ni ushonaji, mkato unaupeleka ugonjwa kwenye mshono mpya: pale nafasi ya mshono ilipokuwa nyembamba, rula ikipita juu yake nyuzi zinaachia na mraba unafunguka mkononi. Huko fumua, au angalau rudia mshono wote kwa nyuma kabla ya kukata. Pa pili ni pale ulipo na kitu kwenye kitambaa ambacho hakistahili kugawanywa. Nitarudi kwenye hilo, maana ndilo lililoniamulia.

Kubadilisha miraba michache

Kama picha nyeusi na nyeupe ni nzuri na kinachokuudhi kweli ni kitambaa kimoja, usiuguse uso mzima. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufumua mraba mbaya pande zake nne na kuingiza mpya. Kwa miraba saba ya katikati ni inchi 280, mita 7, na kushona mraba ndani ya shimo lenye pembe nne kunahitaji mkono uliozoea, pembe zinavuta.

Ya pili naipenda zaidi. Kata mraba mpya wa inchi 10 na nusu, ukunje robo inchi kila upande kwa pasi, uuweke juu ya ule mbaya ukiufunika mshono kwa mshono, upige bandi, kisha ushone pembeni kabisa kwa mkono au cherehani. Geuza nyuma, kata kitambaa cha chini ukiacha robo inchi, ili pasiwe na unene. Mraba mmoja ni kama robo saa. Teteroni iliyojipenyeza hutolewa kwa njia hii bila mtu kujua iliwahi kuwapo.

Mikanda na pindo

Msusi wa mkeka anajua kazi ya ukingo, na mvaa leso anaijua zaidi. Leso ina pindo linalozunguka pande nne, na bila pindo ule mji wa katikati ungekuwa kitambaa cha dirisha. Mikanda kati ya miraba inafanya kazi hiyo hiyo ndani ya mfarishi: inautenga kila mraba na jirani yake, kila kitenge kinasikika peke yake.

Lakini watu husema "tia mikanda" kama kwamba ni rahisi. Ukishaunganisha uso wote, mikanda ya kuzunguka kila mraba inamaanisha kufumua kila mshono, na hapo umerudi kwenye mita 18. Kinachowezekana bila kujiumiza ni kufumua mishono mirefu tu, mita 9, na kutia mikanda kati ya mistari. Mikanda sita ya inchi 3 inaongeza urefu kutoka inchi 70 hadi 88. Kitanda kikiwa kifupi, ni mfarishi wa kuburuta sakafuni, pima kwanza.

Rangi ya mkanda ichague kwa picha ya nyeusi na nyeupe, si kwa kupenda. Vitenge vikiwa vya kijivu cha kati, mkanda wa rangi ya kati hautasaidia hata ukiwa mzuri dukani. Uwe mweusi sana au mweupe sana. Nenda na uso wenyewe mkononi mtaa wa Biashara, utoe robota la kitambaa nje mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Taa za dukani hudanganya, hasa kwa buluu na nyeusi. Kitambaa kipya, hasa leso, kina wanga wa kiwandani na rangi inayochuja, kifue kabla. Kikiwa chekundu, kandamiza kipande kilicholowa juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha alama, fua tena mpaka kikome. Chumvi na siki ambazo tuliambiwa na mama zetu hazizuii rangi kuchuja kwenye pamba.

Kutia rangi juu ya kila kitu

Hili linavutia kwa sababu linaonekana halina kazi: sufuria, maji, rangi, basi. Na kwa uso ambao rangi zake zinagombana, linapatanisha kweli. Kila kitambaa kinakunywa rangi ile ile, na hata vilivyokuwa maadui vinapata undugu. Chai ya rangi iliyokolea inapunguza ukali wa weupe na kuupa sura ya zamani. Buluu juu ya manjano itakupa kijani. Nyekundu na kijani zikikutana ni kahawia, na wengi hulia hapo.

Ujue mipaka yake. Rangi inaongeza, haiondoi; hakuna rangi itakayokifanya kitambaa cheusi kiwe cheupe. Teteroni na uzi wa poliesta havinywi rangi ya pamba, kwa hiyo mishono itabaki na rangi yake ya zamani juu ya kitambaa kipya. Rangi zile zinazoshikana na pamba kwenye maji baridi huhitaji kabonati ya sodiamu ili zishike, soda inayotengenezwa kutokana na magadi yanayovunwa Ziwa Magadi, kusini-magharibi ya Nairobi. Magadi tunayotia kwenye maharagwe ni mchanganyiko, usiyategemee kwa vipimo. Na sufuria ya rangi isirudi jikoni kamwe.

Kwangu mimi rangi ingekuwa kosa. Tatizo langu lilikuwa kwamba vitenge vyote vilikuwa kijivu kimoja na leso ndiyo pekee nyeupe. Rangi ingezidi kuvikaribianisha vitenge, na ingeizima leso. Dawa hii ni ya uso wenye makelele. Uso wangu ulikuwa na upweke.

Njia za Wasidi, kwa asiye na cherehani

Jimboni Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasidi, watu ambao asili yao ni Afrika. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa namna inayolipa jambo letu jibu jingine kabisa. Hawaunganishi uso kwanza. Wanatandaza mgongo, mara nyingi sari kuukuu, wanaanza pembeni, wanaweka kiraka, wanakunja ukingo wake, na kukishona kwa mkono moja kwa moja kupenya tabaka zote. Kiraka kinafuata kiraka, wakizunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, mpaka mwanya wa mwisho ufungwe. Kwenye pembe za mfarishi hukunja vipande vidogo vya pembetatu vinavyoitwa phula, maua.

Uso ulioshonwa vibaya, wenye miraba isiyolingana, unaweza kukatwa vipande na kushonwa hivi. Ukubwa wa kiraka haujalishi kwa sababu kinachofuata kinafunika ukingo wa kilichotangulia. Ni kazi ya mkono inayochukua miezi, siwezi kukuficha. Lakini ni kazi ya kufanya ukiwa kwenye foleni ya matatu au mbele ya jiko, haidai meza wala stima, na kasoro za ushonaji wa kwanza zinakuwa malighafi.

Kuuvunja, au kuumaliza ulivyo

Uso wa inchi 60 kwa 70 unatoa blanketi mbili za mtoto mchanga, au foronya za mito na mifuko ya sokoni. Kama huupendi kwa ajili ya ukubwa wake wote, kipande cha inchi 15 huenda ukakipenda. Unaweza pia kuugeuza kuwa mgongo wa mfarishi mwingine. Sina mengi ya kusema juu ya haya ila kwamba usiuvunje kwa hasira. Subiri wiki.

Kuumaliza ulivyo ni chaguo la kweli, si kushindwa. Mfarishi ukishonwa tabaka tatu na kufuliwa, pamba inanywea, uso unajikunja vikunjo vidogo kila mahali, na makosa mengi ya pembe yanajificha. Baridi ya Julai hapa Nairobi haiangalii mpangilio. Lakini rangi na weupe havijifichi kwa kufuliwa. Kama ugonjwa wako ni huo, utauona kila asubuhi ukitandika kitanda.

Nilichochagua, na kwa nini

Nilikuwa nimeamua kukata. Rula ilikuwa mezani. Nikapitisha jicho mara ya mwisho kwenye miraba ya leso, na ndipo nikaona maandishi. Kila leso ina jina, ule msemo ulioandikwa juu ya pindo la chini. Leso ya nyanya iliandikwa WEMA HAUOZI. Nilipoikata mara ya kwanza sikutazama; niliigawa kwa inchi kumi na nusu kama kitambaa chochote. Mraba mmoja wa mstari wa pili ulisema WEMA HA. Mwenzake, UOZI, ulikuwa mstari wa sita, kichwa chini miguu juu. Miezi tisa nilikuwa nimechukia nyekundu, kumbe nilichokuwa nimekiona bila kukiona ni neno la nyanya lililopasuliwa na kutupwa pembe mbili. Mkato wa katikati ungekipasua tena kila kipande.

Kwa hiyo nikafumua, lakini si kote. Mishono mirefu sita, kisha mishono mifupi iliyoshika miraba minane ya leso. Mpaka hapo si zaidi ya inchi 520 kati ya 710. Vitenge vingine niliviacha vimeshikana wawili wawili na watatu watatu vilivyokuwa, nikafungua tu pale mpango mpya ulipodai.

Miraba minane ya leso imekuwa mji wa katikati, minne kwa miwili, inchi 40 kwa 20. Nimeuzungushia pindo la buluu nzito la inchi 5, kwa sababu katikati ya weupe wa leso na kijivu cha vitenge palihitaji giza. Mita moja ilitosha na kubaki. Hapo ni inchi 50 kwa 30. Vitenge 20 vimeizunguka, ikawa 70 kwa 50. Vilivyobaki ni 14, saba juu na saba chini, na saba za chini ni zile nyekundu zote, mstari mmoja upande wa miguu. Mfarishi sasa ni inchi 70 kwa 70. Sikununua kitenge hata kimoja na hakuna mraba uliobaki.

Nilipopandisha kwenye kamba tena jirani alikuwapo. Alitazama kwa muda. "Hizo nyekundu zimetulia," akasema. Ni zile zile.

Mshono mmoja nilioogopa ni ule wa jina. Mraba wa WEMA HA na mraba wa UOZI ulikuwa kila mmoja na robo inchi yake ya mshono, na robo mbili hizo zilikuwa na wino. Hakuna namna ya kuzirudisha. Ukishona kwa nafasi nyembamba zaidi, miraba miwili hiyo inakuwa mikubwa kuliko wenzake na mstari mzima unapinda. Nilipachika pini kwenye msitari wa chini wa herufi ili zikae sawa, nikainua mguu kwenye pedali, nikazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, pigo kwa pigo, inchi 10. Kisha nikafungua mshono kwa pasi, nusu huku na nusu kule, nikageuza.

A imekosa mguu wa kulia na U imekonda. Inasomeka.